Ukurasa Mpana, Kioo Chembamba

Kioo cha simu janja ya kawaida hakizidi sana sentimeta 7 kwa upana. Karatasi ya A4 ina sentimeta 21. Tangazo lililochapwa kwa ajili ya karatasi hiyo likifunguliwa kwenye simu, linasinyaa mara tatu, na herufi ya pointi 12 inabaki na ukubwa wa pointi 4. Taabu ya kuperuzi kwa simu huanzia hapo. Kwa watu wengi wa Tabora, Urambo, Sikonge na Kaliua si taabu ndogo, maana hawana kompyuta nyumbani: simu ndiyo intaneti yao yote.

Tovuti za mwanzo ziliundwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kivinjari chake kiliichukulia tovuti kuwa na upana wa pikseli 980, kikaubana ukurasa wote uenee kiooni. Simu nyingine zilifuata njia hiyo, na mpaka leo ndivyo zinavyofanya zisipoelekezwa vingine. Maelekezo yenyewe ni mstari mmoja tu wa msimbo, unaoiambia simu itumie upana wake wa kweli. Mstari huo ukikosekana, kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 herufi ya pikseli 16 hupungua hadi kama 6, na mwenye simu analazimika kuikuza kwa vidole viwili.

Kuikuza nako kuna gharama yake. Mfano mzuri ni jedwali la matokeo ya Kidato cha Nne. Upande wa kushoto kuna namba ya mtahiniwa, kisha jinsia, pointi na daraja, na mwisho mlolongo mrefu wa masomo na alama zake. Mzazi akikuza ili asome alama ya Hisabati, namba ya mtoto inatoka nje ya kioo. Akirudi kushoto kuihakiki, mstari umempotea, na huenda akasoma matokeo ya mtoto wa jirani. Kurasa za namna hii zina wema wake, nao usibezwe: ni nyepesi, hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Upungufu wake ni upana.

Vidole navyo vina vipimo vyake. Ncha ya kidole ni nene kuliko mshale wa kipanya, ndiyo maana Apple inawataka watengenezaji wa programu waweke vitufe visivyopungua pointi 44, na Google inataka 48 kwa kipimo chake yenyewe (dp). Viungo vikipangwa kwa kubanana, mtu anagusa “Futa” akikusudia “Hifadhi”. Menyu zinazofunguka kwa kupitishiwa mshale juu yake ni shida zaidi, kwa sababu kidole hakielei juu ya kioo. Kinagusa au hakigusi. Ongeza jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, na maandishi ya kijivu kwenye ukurasa mweupe hayasomeki kabisa. Miongozo ya kimataifa inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na ukurasa isiyopungua 4.5 kwa 1, na wasanifu wengi huipuuza.

Lakini panapoumiza zaidi ni kwenye fomu. Kijana anayeomba chuo au ajira anagusa kisanduku cha kwanza, kibodi inapanda na kula nusu ya kioo, na kisanduku anachokijaza kinafichika chini yake. Anatoka kidogo kutafuta picha ya cheti cha kuzaliwa. Akirudi, ukurasa umejifungua upya na yote aliyoandika yamefutika. Akirudia mara mbili tatu, bando linakwisha. Mwisho anakwenda steshenari, anamlipa mtu mwenye kompyuta amjazie, na kumwachia nywila yake pamoja na vyeti vyake. Si uvivu wala ushamba wa kijana huyo. Ni gharama ya usanifu mbaya, na mtengenezaji wa tovuti ameisukumia kwa asiye na uwezo wa kuibeba.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo iliwahi kufundisha namna ya kuepuka usanifu wa aina hiyo. Mwaka 1874 mpelelezi Henry Morton Stanley alileta Zanzibar mashua yake, Lady Alice, ikiwa imekatwa vipande vya kubebwa na wapagazi. Vipande vikaonekana vizito na vipana mno kwa njia nyembamba za msituni, ikabidi fundi avikate tena kabla ya safari kuanza. Mashua ikafika Ujiji mwaka 1876. Mzigo ulikatwa ulingane na njia na bega la mpagazi.

Usanifu wa tovuti ulilipata wazo kama hilo mwaka 2010, msanifu Ethan Marcotte alipoeleza namna ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kufuata upana wa kioo: safu tatu za kompyuta zinashuka na kuwa safu moja, picha zinapungua, menyu inakunjwa. Mwaka 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora zaidi tovuti zinazosomeka vizuri kwenye simu, mtu anapotafuta kwa simu. Ujuzi upo, tena wa bure. Na kwa mwenye kitochi, huduma kadhaa za serikali hupatikana kwa kubonyeza *152*00#, bila kivinjari wala bando. Menyu yake fupi, swali moja kwa wakati mmoja, ni somo zuri hata kwa watengenezaji wa tovuti.

Ofisi inayotaka kutoa tangazo iliandike kwenye ukurasa wenyewe badala ya kuskani karatasi. Fomu ihifadhi kila kilichokwisha kuandikwa. Na kabla tovuti haijafunguliwa kwa umma, mtengenezaji wake aijaze fomu hiyo mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwa simu ya bei ya chini, akiwa amesimama juani.