Mtwapa Yapanda Ghorofa: Li Wapi Fungu la Mama?

Aondokaye Mombasa kwa barabara ya Malindi, akazipita Bamburi na Shanzu, kisha akavuka daraja la mkono wa bahari wa Mtwapa, huwa amekwisha kutoka katika kaunti moja na kuingia nyingine. Mpaka wa serikali upo pale darajani, lakini mpaka wa maisha haupo tena. Wako wanaolala Mtwapa na kufanya kazi kisiwani. Wako wenye duka Kongowea na nyumba ya kupangisha Mtwapa. Na wako waliozaliwa Mji wa Kale ambao leo wajukuu wao hawaijui nyumba nyingine ila ile ya ghorofa iliyo ng'ambo ya daraja.

Katika hesabu ya watu ya 2019, Mtwapa ulikutwa na wakazi zaidi ya 90,000. Mji huo uliokuwa kituo cha njiani umeupita kwa wingi wa watu hata mji wa Kilifi, ulio makao makuu ya kaunti. Kila uchochoro una lori la kokoto, rundo la mawe ya matumbawe na mafundi waliopanda jukwaani. Makala haya yanautazama ujenzi huo, na hasa yanauliza swali moja: fedha za akina mama zinazoingia katika kuta hizi zimeandikwa wapi?

Mji mpya juu ya mji wa kale

Kujenga si jambo geni hapa. Karibu na Mtwapa, kando ya bahari, yapo magofu ya Jumba la Mtwana yanayotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, wenye nyumba za matumbawe na chokaa, visima, makaburi na misikiti, mmoja wao ukiwa ufuoni kabisa. Magofu mengine yapo karibu na mkono wa bahari wenyewe, na mji ule uliendelea kukaliwa hadi karne ya 18.

Baada ya miji hiyo kuhamwa, ardhi ikawa ya minazi, miembe na mikanju. Serikali iliweka hapa kituo cha utafiti wa kilimo, na humo zilitokea mbegu za mahindi yanayostahimili hali ya pwani. Mzee wa makamo wa leo anaweza kukuonyesha jengo la ghorofa tano akakwambia kuwa pale alikuwa akiokota maembe.

Sababu za mageuzi haya hazifichiki. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, na nyumba ya babu haigawanyiki kwa wajukuu ishirini. Barabara ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi imekuwa ikipanuliwa kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na barabara pana hupandisha bei ya ardhi kabla hata ya lami kukauka. Utalii wa Pwani Kaskazini umeleta wageni, na wageni wameleta wapangaji. Saruji nayo haitoki mbali, kwani kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikiitengeneza tangu 1954.

Panapojengwa, biashara hufuata. Anatangulia mwenye lori, anafuata mwenye duka la misumari na mabati, kisha mama wa mahamri na mbaazi anayewalisha mafundi asubuhi. Jengo likisha, vyumba vya chini huwa maduka: duka la dawa, la madera na buibui, la kushona, la kutuma pesa kwa simu. Juu yake wanaishi wapangaji, na miongoni mwao yuko anayeoka keki za harusi, anayepika biriani kwa oda na anayefundisha watoto chuo. Si haba biashara hizi kuwa mikononi mwa wanawake, na faida yake hurudi palepale ilipotoka, yaani katika saruji.

Dhahabu iliyogeuka paa

Hebu tutazame jinsi nyumba nyingi zinavyojengwa. Mume ananunua ploti, na hati inaandikwa jina lake. Msingi unawekwa, kisha fedha zinakwisha. Mke anapokea zamu yake ya chama na kuitoa yote ikanunue vyuma. Mwaka wa pili anauza bangili alizotolewa mahari, na paa linaezekwa. Mwaka wa tatu faida ya biashara yake inatia madirisha na milango. Hakuna aliyeandika kitu, kwa kuwa mapenzi yapo na nyumba ni ya wote.

Nyumba ni ya wote maadamu wote wahai. Mume akifariki, nyumba yenye jina lake huhesabiwa kuwa tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, na hugawiwa warithi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nyumba ina thamani ya shilingi 4,800,000, na mke alitoa nusu yake. Marehemu hakuacha deni wala wasia, wazazi wake walitangulia, na warithi ni mke, mwana mmoja wa kiume na binti wawili.

Ikiwa mchango wa mke haukuandikwa wala hauna ushahidi, thamani yote itaingia katika mirathi. Fungu la mke mwenye watoto ni thumuni, kwa hiyo atapata shilingi 600,000. Ikiwa imethibitika kuwa nusu ni mali yake, kwanza atatoa shilingi 2,400,000 zake. Nusu iliyobaki ndiyo itakayorithiwa; thumuni yake ni 300,000, na jumla mkononi mwake itakuwa 2,700,000. Mwana wa kiume atapata 1,050,000, na kila binti 525,000. Tofauti kwa mjane ni shilingi 2,100,000, na kilichoileta ni karatasi moja.

Wala asidhani mtu kwamba hapo watoto wamenyimwa haki. Kilichotolewa kwanza hakikuwa cha baba yao. Ni cha mama, naye akifa watamrithi.

Fedha ina majina matatu

Sheria ya dini iko wazi kwamba ndoa haichanganyi mali. Cha mke ni cha mke, na nafaka ya nyumba ni juu ya mume. Sheria ya nchi nayo imeliachia jambo hili nafasi: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaruhusu Waislamu kufuata sharia katika mali ya ndoa, na Katiba ya 2010 inaitambua mahakama ya kadhi katika ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Lakini kadhi hahukumu kwa machozi. Huhukumu kwa ushahidi.

Kwa hiyo kila mama anayetoa fedha katika ujenzi na azipe jina siku anayozitoa. Majina ni matatu.

La kwanza ni ushirika. Fedha zimenunua sehemu ya nyumba, iwe nusu, thuluthi au robo, na sehemu hiyo yafaa iandikwe katika hati.

La pili ni karadha, yaani deni lisilo na riba. Mume atalilipa akiwa hai, na akifa litalipwa kutoka tirka kabla ya mirathi kugawiwa. Aya ya 11 na ya 12 za Surat an-Nisaa zinatanguliza deni na wasia mbele ya mafungu, na aya ya 282 ya Surat al-Baqara inaamrisha deni la muda liandikwe na kushuhudiwa.

La tatu ni hiba, zawadi kwa mume. Nayo ni kheri na ina thawabu zake, mradi mtoaji ajue kuwa ametoa na hatadai. Kinacholeta majuto ni mke kutoa kwa nia ya ushirika, mume akapokea kwa nia ya hiba, na warithi wasijue lolote.

Hati isemeje?

Anayetaka ushirika aelewe pia kwamba sheria ya ardhi ina njia mbili za watu kumiliki pamoja. Katika njia ya kwanza wamiliki hawana mafungu yaliyotengwa, na mmoja akifa, aliyebaki huchukua yote. Katika njia ya pili kila mmoja ana fungu lake lililotajwa, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Familia inayotaka mirathi ifuate sharia itaona kwamba njia ya pili ndiyo inayoafikiana nayo. Muulizeni wakili swali hili kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya hapo, mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya Kilifi ajue hati ni ya nani na kama ina rehani au zuio. Neno la dalali halitoshi, hasa pwani. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa maili 10 alisajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana hadi leo yako makazi ambayo mtu amezikwa babu yake lakini hana hati. Yako pia mazoea ya Mombasa ya nyumba bila ardhi, ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi. Mwenye kuongeza ghorofa juu ya kiwanja cha namna hiyo anaweka akiba yake mahali asipopamiliki.

Anayenunua nyumba ndani ya jengo la ghorofa adai hati ya nyumba yake. Sheria ya 2020 ya mali za mafungu inampa kila mwenye nyumba hati yake mwenyewe, na wote kwa pamoja husimamia ngazi, paa na maji.

Shamba la marehemu baba

Liko la mwisho, nalo ni zito. Bei ya ardhi inapopanda, mjenzi huwajia ndugu wa kiume na kuwaambia: nipeni shamba lenu, nami nitawapa nyumba sita ndani ya jengo. Wanatia sahihi wanaume watatu. Dada wanne walioolewa wanasikia habari hiyo siku ya kufungua msingi, kisha wanaambiwa kwamba wao wana waume wa kuwatunza.

Fungu la binti katika shamba la baba yake halifutwi na ndoa. Ni nusu ya fungu la kaka yake, iwe shamba ni la minazi au ni la ghorofa. Kwanza mirathi ithibitishwe, msimamizi ateuliwe kisheria, na warithi wote watajwe. Baada ya hapo ndipo mkataba na mjenzi uandikwe, ukieleza nyumba ipi ni ya nani, ghorofa gani, itakabidhiwa lini, na kutakuwaje mjenzi akishindwa.

Huenda dada mmoja akasema, nitamwambiaje mume wangu haya bila kumvunja moyo? Aanze kwa upole na wakati wa raha, si siku ya ugomvi. Amwambie kuwa anataka kumwondolea deni mbele ya Mungu na kuwaepusha watoto na mahakama. Mume muungwana ataleta kalamu mwenyewe. Na wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Wiki hii, basi, kila nyumba yenye ujenzi unaoendelea na ikae kikao. Tafuteni stakabadhi za duka la vifaa, jumbe za pesa zilizotumwa kwa simu na daftari la chama. Andikeni nani alitoa kiasi gani na kwa jina gani kati ya yale matatu. Watie sahihi mashahidi wawili wanaoaminika, nakala moja ibaki kwa mke na nyingine kwa mume. Jambo hilo likiisha, fundi na aendelee na kazi.