Kwa pikipiki hadi Ziwa Turkana? Toa pesa Marsabit
Unapanga kwenda Loiyangalani kwa pikipiki? Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni lami, kama kilomita 260, na mawakala wapo. Ukiiacha lami kuelekea jangwa la Chalbi na North Horr, mtandao hupotea kwa masaa. Hapo muuzaji wa petroli atataka keshi.

Basi piga hesabu ya mafuta, chakula na malazi, kwenda na kurudi, ongeza ya fundi, kisha utoe pesa Marsabit mjini. Omba noti ndogo, na usiziweke mfuko mmoja.

Ukilipa na mtandao usuesue, usirudie haraka. Angalia salio kwanza, usije ukalipa mara mbili. Na PIN? Hata aliyekusaidia kusukuma pikipiki mchangani, usimpe.