Begi la fremu ya nje: lijue kabla hujaliposti

Leo tuongelee lile begi la mgongoni lenye mabomba ya aluminiamu yanayoonekana kwa nje. Ukifungua belo la mabegi ya mitumba hukosi moja, na wengi mnaliposti kwa maneno mawili tu: "begi la safari". Halafu mteja analipokea, linampiga mgongoni, anadai hela yake. Kumbe begi halina shida, limeenda kwa mtu siye.

Kazi yake ni kubeba uzito. Fremu inautoa mzigo mabegani na kuuteremsha kwenye nyonga kupitia mkanda wa kiuno. Mmarekani Dick Kelty ndiye aliyezipa umaarufu fremu za aluminiamu, alianza kuziuza California mwaka 1952. Mpaka leo wawindaji wa kule wanazipenda. Mtu akiua elk, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, mbali na barabara, anamkata vipande na kubeba kwa mgongo. Mguu mmoja wa nyuma na mfupa wake unaweza kupita kilo 20. Hapo anachomoa mfuko wa begi, nyama anaitia kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa ili ipoe, kisha anaifunga kwa kamba kwenye fremu tupu. Anaifunga juujuu na karibu na mgongo. Ikining'inia nyuma, inamvuta kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mama.

Sasa mteja wako si mwindaji (na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo lile neno "hunting" kwenye lebo usilifanye ndo tangazo). Mteja wako ni anayebeba vitu vizito vyenye umbo gumu: dumu la maji, boksi la vifaa, mtungi mdogo wa gesi, vyakula vya kambi. Njia iwe ya kawaida. Anayepanda miamba au kupita vichakani muuzie lenye fremu ya ndani, maana hili linayumba na kunasa kwenye matawi. Anayesafiri kwa ndege pia, fremu haikunjiki.

Ukaguzi. Anza na maungio ya fremu, pitisha kucha kwenye kila kona utafute ufa. Bomba lililopinda kidogo bado linauzika ukisema ukweli, lenye ufa usiliuze kabisa. Angalia zile pini zinazoshika mfuko, moja ikikosekana mfuko unachanika siku ya kwanza. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiuno, ikiwa imekauka kama biskuti begi limepoteza nusu ya faida yake. Halafu geuza mfuko nje ndani: nailoni ya zamani ngozi yake ya ndani huanza kunata na kubanduka, na harufu yake haitoki kwa sabuni.

Kipimo ndo kinachorudisha mabegi mengi. Usiulize urefu wa mteja. Mwambie apimwe mgongo kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia kile kifupa kinachochomoza shingoni anapoinama hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Wewe pima toka pale mikanda ya mabega inapoanzia hadi kwenye mkanda wa kiuno. Fremu nyingi zina matundu ya kupandisha na kushusha mikanda, cheza nayo kwanza.

Kabla ya kupiga picha, lijaze kilo 20 za mchele, livae, tembea dakika kumi. Rekodi video fupi. Likilia kwii kwii kila hatua, sema.

Usafirishaji: kwenye basi mzigo mara nyingi unakadiriwa kwa macho, na fremu inaonekana kubwa. Tenganisha mfuko na fremu, vifunge bapa, pini zitie kwenye kifuko na uzibandike kwa selotepu ndani ya mfuko.

Posti iwe hivi: "Begi fremu ya nje, aluminiamu, mgongo sm 45 hadi 52, pini zote zipo, zipu ya mfuko wa pembeni mbovu (picha ya 4), limejaribiwa kwa kilo 20, video inboksi."