Nyayo za Likembe katika Ramani ya Tarakilishi

Likembe ni ala ya ndimi nyembamba za chuma zilizofungwa juu ya kisanduku cha mbao na kuchezwa kwa vidole gumba. Kwa mujibu wa Gerhard Kubik, asili yake ni Kongo ya Chini. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wapagazi na vibarua waliibeba kufuata Mto Kongo kuelekea bara, hata ikafika Uganda, ambako Waacholi huiita lukeme. Nchini Rwanda na Burundi huitwa ikembe. Majina hayo ni nyayo.

Ramani ya tarakilishi huzikusanya nyayo hizo. Kila ala hutiwa nukta mahali ilipopatikana, pamoja na jina, mwaka na idadi ya ndimi. Kisha huongezwa tabaka la mito na la reli, mathalani ile ya Matadi hadi Kinshasa iliyokamilika mwaka 1898. Hapo mtafiti hubaini iwapo nukta zinaandamana na njia za vibarua.

Hata hivyo, nukta huonyesha pia alikopita mkusanyaji. Kijiji kisicho na nukta yamkini kilikuwa na wapigaji hodari, ila hakikutembelewa. Hivyo basi, njia za wakusanyaji nazo sharti ziwe tabaka. Minghairi ya hilo, ramani itasimulia safari za wageni na kuziita safari za likembe.