Lindo la Sungusungu kwa hesabu ya ng'ombe

Chukua kijiji cha mfano wilayani Bariadi: wanaume 300 wenye nguvu, 10 wanalinda kila usiku, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa mwaka ni saa 32,850, yaani siku 4,106 za kibarua za saa nane. Tukikadiria kibarua kuwa shilingi 5,000, kijiji kimetoa jasho la milioni 20.5. Ng'ombe akiuzwa 600,000 mnadani, hao ni ng'ombe 34.

Lindo hili lilizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bariadi ikiwa bado ndani ya Shinyanga (mkoa wa Simiyu ulikuja 2012). Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha hazina tupu na bunduki mitaani. Wizi wa ng'ombe ulizidi na polisi walikuwa mbali, basi wanavijiji wakashika pinde na filimbi chini ya ntemi, yaani kiongozi wao, wakajiita Sungusungu, jina la chungu weusi wang'atao. Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili iwatambue. Serikali ikapata walinzi bila kulipa mshahara.

Ugiriki chini ya Waturuki ililipa. Majambazi wa milimani waliitwa kleftes, maana yake wezi tu, na dola ikaajiri wenyeji wenye silaha, armatoloi, wawazuie. Aliyepoteza kazi hiyo alirudi mlimani, na mwaka 1821 wengi wa pande zote mbili waliigeuka dola yenyewe.

Tukirudi Bariadi: je, kijiji kinachoibiwa ng'ombe wasiofika 34 kinapata hasara kwa kulinda? Sidhani. Wezi hawaibi kwa wastani: wakivunja zizi moja wanaswaga kundi zima, wakiwamo maksai wa kulimia pamba na mahari ya kijana wa nyumba hiyo.

Kinachonisumbua ni mgawanyo. Kila mwanaume anachangia takriban 68,400 kwa mwaka. Mwenye ng'ombe 200 analinda kila mmoja kwa shilingi 342. Mwenye watatu, kwa 22,800. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa wote hukimbilia uliko, na asiyeitikia hutozwa faini. Ningependekeza mkutano wa kijiji ugawe zamu kwa ukubwa wa zizi: kila ng'ombe 20 wanaoongezeka, kaya itoe mtu mmoja zaidi, au imlipe jirani azibe nafasi hiyo.