Chemchemi ya chokoleti: anza na mafuta na umeme

Anayetaka chemchemi ya chokoleti kwa ajili ya kipaimara, mahafali au siku ya kuzaliwa mtoto huanza kwa kuuliza mnara una ghorofa ngapi. Katika maswali yote hilo ndilo lenye uzito mdogo kuliko mengine. Mnara wa ghorofa tatu na wa ghorofa tano hufanya kazi kwa namna moja: bakuli lenye kipasha joto chini, mota ndogo, na skrubu ndefu inayozunguka ndani ya bomba na kupandisha chokoleti hadi kileleni, kama vile mashine ya kusaga nyama inavyosukuma nyama mbele. Ikifika juu inamwagika kwa uzito wake yenyewe. Kama itamwagika kwa pazia laini au kwa mabonge, hilo halitegemei urefu wa mnara. Linategemea mafuta yaliyomo ndani ya chokoleti, na umeme unaoiweka katika joto linalofaa. Kwa mkazi wa Mbarara, na zaidi kwa mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mambo hayo mawili ndiyo yanayopaswa kuamua anunue, akodi, au aiache kabisa.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo sherehe nyingi huharibikia. Chokoleti iliyoyeyuka haifanani na chai au maziwa. Ni unga laini sana wa sukari na kakao unaoelea ndani ya mafuta. Mafuta ndiyo yanayotiririka, unga unabebwa tu. Mafuta yakipungua, chembe hukwaruzana, uji unakuwa mzito na mota inaanza kulalamika. Mwaka 2015 wanahisabati wawili wa University College London, Adam Townsend na Helen Wilson, walichapisha katika jarida la European Journal of Physics uchambuzi wa mwendo wa chokoleti katika chemchemi hizi. Walionyesha kwamba pazia halianguki wima bali huvutwa kwa ndani kuelekea mnara, hasa kwa sababu ya mvutano wa uso wa kimiminika. Walieleza pia jinsi chokoleti inavyozidi kuwa nyepesi kadiri inavyosukumwa. Ndiyo sababu kuacha mota ikizunguka mfululizo ni salama kuliko kuizima na kuiwasha kila wageni wanapotawanyika.

Chokoleti ya kuoka ya kiwango cha juu, yenye siagi ya kakao isiyopungua asilimia 31, hutiririka bila msaada mwingi. Chokoleti ya kawaida ya vipande inayouzwa madukani Mbarara inahitaji kuongezewa mafuta: takriban nusu kikombe kwa kilo moja, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Na hapa mji wa maziwa unamtega mpishi. Mbarara ni kitovu cha biashara ya maziwa Uganda, na mtu akiona chokoleti imekuwa nzito, mkono unaenda wenyewe kwenye jagi la maziwa. Asithubutu. Maji kidogo yakiingia, chembe za sukari hulowa, hunatana, na kilo nzima inageuka udongo wa mfinyanzi. Mashine haiwezi tena kuipandisha, na kuipasha zaidi kunaiunguza tu. Majarini nayo ina maji ndani yake, kwa hiyo haifai. Samli, ambayo watu wa Ankole wanaijua vizuri kwa kuwa ndiyo msingi wa mchuzi wao wa eshabwe, karibu haina maji na kwa upande huo ingefaa. Tatizo ni harufu yake, ambayo chokoleti haiwezi kuificha. Mafuta safi ya kupikia yasiyo na harufu yanatosha. Ukitaka chokoleti igande vizuri juu ya tunda badala ya kuchuruzika hadi kwenye mkono wa shati, changanya na mafuta magumu kama Kimbo, kwa sababu katika joto la kawaida la Mbarara mafuta mepesi hubaki majimaji.

Wapo watakaosema kwamba chokoleti iliyoongezwa mafuta ya kupikia, au ile ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mawese badala ya siagi ya kakao, si chokoleti ya kweli. Wana hoja, na kwa anayeonja kipande kimoja kimoja wanasema kweli. Lakini chemchemi haionjeshi kipande. Inafunika ndizi, nanasi na chapati ndogo za ndizi ziitwazo kabalagala, na ladha ya vitu hivyo ndiyo inayotangulia mdomoni. Isitoshe, bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda kupita dola 12,000 kwa tani mnamo Desemba 2024, na watengenezaji wengi walipunguza siagi ya kakao katika bidhaa zao. Kuna uchungu hapo: Bundibugyo, wilaya maarufu kwa kakao nchini Uganda, iko magharibi hii hii, na ng'ambo ya mpaka, huko Beni na Mambasa nchini Kongo, kakao ni zao la familia nyingi. Watu wa Kivu Kaskazini na Ituri ni miongoni mwa Wakongo wanaoishi Nakivale. Yule aliyewahi kukausha mbegu za kakao uani kwake sasa anahesabu kama ataweza kununua kilo moja ya chokoleti. Hilo si kosa la mpishi, na kumwambia anunue chokoleti ghali kwa ajili ya heshima ya kakao ni kumwongezea mzigo.

Suala la umeme ni fupi zaidi lakini halina msamaha. Uganda hutumia volti 240. Mashine nyingine hufika Nakivale kama zawadi kutoka kwa ndugu waliohamishiwa Marekani, ambako volti ni 120. Kubadilisha plagi hakusaidii kitu: kipasha joto kilichoundwa kwa volti 120 kikipewa 240 huvuta nguvu mara nne, na chokoleti itaungua kabla ya mota kufa, ikiwa mota haikutangulia. Mashine hiyo inahitaji transfoma ya kushusha volti au ibaki kwenye boksi. Kwa wanaotegemea sola, hesabu ni rahisi. Chemchemi ya nyumbani yenye wati 200 ikiwashwa saa tatu inakula wati-saa 600. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inahifadhi wati-saa 1,200, lakini haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo sherehe moja inaimaliza, bila taa na bila muziki. Vile vifaa vidogo vya sola vya kuwasha balbu na kuchaji simu visiguswe kwa kazi hii. Jenereta ndogo inatosha, ila iwekwe mbali na meza. Umeme ukikatika ghafla na chokoleti ikaanza kuwa nzito, usiwashe mota tena kwa nguvu. Ichote, ipashe upya kwenye sufuria iliyokaa juu ya sufuria ya maji moto, kisha uirudishe. Kipasha joto cha mashine kiliundwa kutunza joto, takriban nyuzi 40 hadi 45, si kuyeyusha vipande vigumu.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Katika hali hiyo, kuzungumzia mnara wa chokoleti Nakivale kunaweza kuonekana kukosa aibu. Siioni hivyo, ingawa nakubali kwamba anayekopa ili awe na chemchemi anafanya upumbavu. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na si hema la dharura. Ina masoko, makanisa, misikiti, mafundi, na watu wanaooa na kuozesha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford juu ya uchumi wa wakimbizi Uganda, uliotolewa mwaka 2014 na kuihusisha Nakivale, ulionyesha kwamba biashara za wakimbizi zimeungana na masoko ya nje ya makazi. Penye sherehe pana kazi: ya mpishi, ya mwenye viti na mahema, ya mwenye spika. Kinachopaswa kukataliwa ni kila nyumba kununua mashine yake itakayotumika mara mbili kwa mwaka na kupata kutu mwaka wa tatu. Kikundi cha akiba, au mpishi wa sherehe mwenye kazi kila Jumamosi, anaweza kuinunua na kuikodisha Nakivale na Mbarara pia. Familia ilipe siku yake moja tu.

Wengine watauliza kwa nini wasichovye moja kwa moja kwenye sufuria. Kwa wageni chini ya ishirini nawaunga mkono kabisa. Chemchemi ndogo haitiririki bila karibu kilo moja ya chokoleti, na sehemu nzuri ya hiyo hubaki imeng'ang'ania bombani na bakulini wageni wakishaondoka. Sufuria haidai chochote cha aina hiyo. Mnara unaanza kujilipa pale wageni wanapozidi hamsini na foleni ya meza ya matunda inapaswa kwenda haraka. Hata hapo, usiuweke uani. Upepo huchana pazia, na vumbi la barabara za Isingiro, wilaya ilipo Nakivale, wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti hunata kwenye chokoleti kuliko kwenye kitu chochote. Weka ndani, mezani palipopimwa kwa pima maji, kwa sababu mnara ukiinama kidogo, upande mmoja unabaki mkavu. Matunda yafutwe majimaji yote. Nanasi linalochuruzika litaharibu chokoleti sawasawa na lile jagi la maziwa. Kila mgeni apewe kijiti, na mtu mzima mmoja asimame hapo, kwa sababu chokoleti haiui vijidudu vinavyotoka kwenye kijiti kilicholambwa. Baadaye futa mafuta kwa karatasi kabla ya kuosha. Yakimwagwa kwenye mfereji yataganda na kuuziba.

Ukiamua kukodi, nenda siku moja kabla, omba mashine iwashwe kwa dakika kumi ikiwa na maji ya uvuguvugu, na usikilize kama skrubu inakwaruza bomba. Kisha ichomolewe, ikaushwe hadi tone la mwisho, uigeuze na kusoma kibandiko kilicho chini. Pasipoandikwa volti 220 hadi 240, usilipe.