Je, Wajua? Bakteria Katika Uzazi wa Ng'ombe

Je, wajua kwamba njia ya uzazi ya ng'ombe haina uchachu? Kwa wanawake wengi, bakteria aina ya laktobasili hutengeneza asidi inayoshusha pH chini ya 4.5, na vijidudu wabaya hushindwa kustawi. Kwa ng'ombe, pH huzunguka 7, na laktobasili ni wachache mno. Yeye hulindwa zaidi na ute, mlango wa kizazi uliofunga vizuri, na chembechembe nyeupe za damu.

Wajua kwamba karibu kila ng'ombe wa maziwa huingiwa na bakteria kwenye mfuko wa uzazi ndani ya wiki 2 baada ya kuzaa? Hata aliyezaa salama kwenye banda safi. Wengi hujisafisha wenyewe bila dawa yoyote. Harufu ya kuoza, homa na kususia malisho ndizo dalili za kumwita daktari wa mifugo.

Na bakteria hao wabaya husaidiana. Mara nyingi E. coli hutangulia. Hufuata Trueperella pyogenes, mwenye sumu inayotoboa chembe za ukuta wa mfuko wa uzazi, pamoja na Fusobacterium necrophorum, anayeua chembechembe nyeupe zilizokuja kupigana. Ndiyo maana naomba sana: kondo la nyuma likikwama, usilivute kwa mkono wala usilifungie kitu kizito. Limeshikamana na mfuko wa uzazi kwa vifundo 70 hadi 120, na kila kifundo kinachong'olewa kwa nguvu huacha kidonda, mlango wazi kwa bakteria hao. Likipita saa 24 bila kutoka, mwite mtaalamu.

Wajua kwamba vitabu vilifundisha kwa miaka mingi kuwa mfuko wa uzazi wenye mimba hauna kijidudu hata kimoja? Mwaka 2017 watafiti walipata DNA ya bakteria katika mifuko ya uzazi ya mitamba wasiowahi kupandwa na ya ng'ombe wenye mimba. Kama bakteria hao huishi humo au hupita tu, wanasayansi bado wanabishana.

Brucella abortus, bakteria anayesababisha kutupa mimba, hupenda kondo kwa sababu lina sukari iitwayo erithritoli. Bernhard Bang wa Denmark alimtambua mwaka 1897. Bakteria huyu huambukiza binadamu pia: ndama aliyetupwa asishikwe bila glavu, na maziwa yachemshwe.

Wajua kwamba dume mwenye afya kabisa anaweza kueneza ugumba kundi zima? Bakteria Campylobacter fetus hujificha kwenye mikunjo ya govi bila kumdhuru, na madume wazee ndio hubeba zaidi. Uhimilishaji, kama ule unaotegemea mbegu za kituo cha Usa River, Arusha, hukata njia hiyo ya kuambukizana kwa kupandana. Ila baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri inayohifadhi mbegu huweza kuhifadhi bakteria pia, hivyo madume hupimwa kwanza, na antibiotiki huchanganywa kwenye mbegu kabla ya kugandishwa.